Paka mwenye kisukari anapozidiwa ghafla: dalili, chanzo na hatua za kuchukua

Paka mwenye kisukari anaweza kuishi miaka mingi bila matatizo makubwa, mradi achomwe insulini kwa saa zake, ale chakula kinachomfaa na uzito wake ufuatiliwe. Lakini anapozidiwa, huzidiwa haraka, na mwenye paka hujikuta akitakiwa kuamua jambo ndani ya dakika chache ilhali daktari wa mifugo aliye karibu hapokei simu. Mwongozo huu unaanzia kwenye kile kinachoonekana kwa macho, unatafuta chanzo chake, kisha unaeleza la kufanya mpaka paka afikishwe kwa daktari. Hauchukui nafasi ya daktari, wala haumruhusu mtu kubadilisha dozi kwa kukisia.

Swali la kwanza: sukari imeshuka au imepanda?

Dharura nyingi za paka mwenye kisukari hutokana na moja kati ya mambo mawili. Ama sukari katika damu imeshuka mno, ama imepanda kwa muda mrefu huku insulini ikipungua mwilini, mpaka mwili ukaanza kuchoma mafuta na kuzalisha tindikali ziitwazo ketoni. Kwa macho hali hizi hukaribiana, kwa kuwa katika zote mbili paka hulegea, hukataa chakula na hujificha uvunguni. Kinachozitofautisha zaidi ni mwendo. Sukari inaposhuka, mambo hubadilika ndani ya dakika au saa chache, na mara nyingi ni saa chache baada ya sindano. Ketoni hujijenga kwa siku kadhaa: paka huanza kwa kunywa maji na kukojoa kupita kawaida, kisha hukonda, huacha kula, hutapika, na mwishowe hushindwa hata kuinua kichwa.

Kama una glukometa, yaani kifaa kidogo cha kupimia sukari kwenye damu, pima kabla ya kufanya jambo jingine lolote, isipokuwa paka awe tayari amepatwa na degedege. Glukometa ya binadamu inafaa, ingawa kwa damu ya paka huelekea kuonyesha namba iliyo chini kidogo ya hali halisi. Shika sikio kwa kiganja mpaka lipate joto, au liwekee soksi yenye mchele uliopashwa moto kidogo, kisha choma ule ukingo mwembamba wa nje, kati ya mshipa unaoonekana na manyoya ya pembeni, ukiwa umeweka kipande cha pamba nyuma ya sikio ili usijichome kidole. Tone dogo kama kichwa cha pini linatosha.

Paka mzima asiye na kisukari huwa na takriban 4 hadi 8 mmol/L. Ikiwa namba iko chini ya 3.3, chukulia kuwa ni dharura hata kama paka bado anatembea. Inapovuka takriban 15, sukari huanza kumwagika kwenye mkojo, lakini namba kubwa peke yake si dharura: paka aliyeshikwa kwa nguvu, aliyesafirishwa au aliyetishwa na mbwa hupandisha sukari kwa woga tu. Paka mwenye 20 ambaye anakula na kujilamba manyoya anaweza kusubiri miadi ya daktari, ilhali mwenye 20 anayetapika hawezi kusubiri hata asubuhi. Hakikisha pia kifaa chako kinatumia kipimo gani, kwa sababu vingine huonyesha mg/dL, ambapo 3.3 husomeka 60, na 15 husomeka 270. Ukiona herufi LO au HI badala ya namba, maana yake sukari iko chini au juu ya uwezo wa kifaa chenyewe, wala si kwamba kifaa kimeharibika.

Na kama huna glukometa? Mfanyie kana kwamba sukari imeshuka. Sababu ni kwamba makosa haya mawili hayana uzito sawa. Ukimpa asali paka ambaye sukari yake tayari iko juu, utakuwa umeipandisha kidogo kwa muda mfupi, jambo ambalo daktari atalirekebisha. Ukimnyima sukari paka ambaye yake imeshuka, ubongo wake unakosa chakula na anaweza kufa au kubaki na ulemavu kabla hujapata usafiri. Kwa hoja hiyohiyo, usimchome insulini paka aliyelegea ambaye hujui kinachomsumbua. Sindano moja iliyorukwa ni nadra kumuua paka, lakini sindano moja iliyozidi inaweza.

Anayumba, anatetemeka au amepatwa na degedege

Dalili za mwanzo za kushuka kwa sukari hupuuzwa kwa urahisi, kwa sababu zinafanana na tabia za kawaida za paka. Anaweza kuwa na njaa isiyoelezeka, akalia na kuzunguka miguuni mwako, au akatulia pembeni na kukodolea ukuta macho yenye mboni zilizotanuka. Baadaye hupepesuka kama mlevi, hukosea kuruka kwenye kiti anachokirukia kila siku, hutetemeka, hugeuza kichwa upande mmoja, kisha huanguka na kupatwa na degedege au kuzimia. Wengine huruka hatua za mwanzo zote na kuanzia kwenye degedege.

Paka akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpe kwanza chakula anachokipenda, na ukichanganye na asali au glukosi ya unga, ile inayouzwa dukani kwenye makopo. Akikataa kula, au akiwa amelegea, chukua asali, au koroga glukosi kwa maji kidogo mpaka iwe nzito, umpake kwenye fizi na upande wa ndani wa shavu, kidogo kidogo, mpaka kiasi cha kijiko kimoja cha chai kiishe. Usimmiminie maji ya sukari mdomoni paka asiyeweza kumeza, kwa kuwa yataingia kwenye mapafu. Akiwa kwenye degedege, usipitishe kidole kati ya meno. Inua mdomo wa juu kwa pembeni na upake nje ya meno, kwenye fizi tu. Soda ya kawaida isiyo na gesi inaweza kusaidia pale ambapo hakuna kingine, lakini soda na vitamu visivyo na sukari vinavyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye kisukari havina faida yoyote hapa. Inashangaza ni mara ngapi nyumba ya mgonjwa wa kisukari hukosa sukari halisi hata kijiko kimoja. Weka kichupa cha asali karibu na dawa za paka na usikiguse kwa chai.

Paka wengi huanza kurejea ndani ya dakika chache, na hapo ndipo watu wengi hukosea, kwa kudhani kwamba mambo yamekwisha. Asali hupandisha sukari kwa muda mfupi, ilhali insulini iliyokwisha kuingia mwilini inaendelea kufanya kazi kwa saa nyingi. Mara tu anapoweza kula, mpe chakula kamili, mpime tena baada ya dakika 15, kisha endelea kumpima kila baada ya nusu saa, ukirudia sukari namba inaposhuka. Asiporejea ndani ya dakika kumi hivi, akipatwa na degedege, au ukijua kwamba alichomwa insulini kupita kiasi, anza safari ya kwenda kwa daktari huku mtu mwingine akiendelea kumpaka asali njiani. Kwa daktari atawekewa dripu yenye glukosi, na huenda akalazwa mpaka insulini iishe nguvu.

Chanzo ni nini? Kinachotokea sana ni sindano mbili badala ya moja: baba amemchoma alfajiri kabla ya kutoka, na dada wa kazi, bila kujua, akamchoma tena saa mbili. Daftari lililofungwa kwa kamba kwenye mlango wa friji, ambamo kila anayechoma huandika saa na jina lake, limewaokoa paka wengi kuliko kifaa chochote cha bei kubwa. Kisa kingine cha aina hiyo ni sindano iliyotoboa ngozi ikatokea upande wa pili, dawa ikamwagika kwenye manyoya, kisha mtu akachoma tena. Utaigundua kwa kuyashika manyoya ya shingoni, ambayo yatakuwa na unyevu na harufu kali kama ya dawa ya kusafishia vidonda. Usirudie dozi hiyo, kwa kuwa huna njia ya kujua kiasi kilichoingia. Subiri zamu inayofuata.

Chanzo kinachohitaji maelezo marefu zaidi ni bomba la sindano lisilolingana na dawa. Insulini zinazouzwa kwenye maduka ya dawa za binadamu katika Afrika Mashariki kwa kawaida ni za U-100, yaani uniti 100 katika kila mililita, na miongoni mwake zimo Lantus na Mixtard. Insulini zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama, kama Caninsulin na ProZinc, ni za U-40. Kila moja ina bomba lake, na alama za bomba moja hazifai kwa dawa nyingine. Ukivuta insulini ya U-100 mpaka alama ya 2 kwenye bomba la U-40, umevuta uniti 5, yaani mara mbili na nusu ya ulichokusudia, kiasi ambacho ni hatari kubwa kwa paka wa kilo nne. Ukifanya kinyume chake, umempa uniti 0.8 badala ya 2, na sukari itaendelea kupanda huku ukiamini kwamba dawa imeshindwa. Soma maandishi ya kwenye bomba na ya kwenye kichupa kila unaponunua kimoja wapo, kwa kuwa muuzaji hana sababu ya kujua kwamba mgonjwa ni paka. Zipo pia insulini zinazofanya kazi haraka ambazo vichupa vyake vinafanana na vya zile za muda mrefu. Usikubali kubadilishiwa aina eti kwa sababu uliyoandikiwa imekwisha dukani.

Mabadiliko ya chakula nayo yana nguvu kuliko watu wanavyodhani. Paka aliyezoea ugali kwa dagaa, au wali uliochanganywa na mchuzi wa samaki, anakula wanga mwingi, na dozi yake ilipangwa kwa hali hiyo. Ukimhamishia ghafla kwenye nyama na samaki watupu, jambo ambalo kimsingi ni zuri kwa mnyama aliyeumbwa kula nyama, mahitaji yake ya insulini yanaweza kupungua ndani ya siku chache na dozi ya jana ikawa sumu. Badilisha chakula pamoja na daktari, si kabla yake. Tena, baadhi ya paka hupata nafuu kamili katika miezi ya mwanzo ya matibabu, kongosho ikaanza kutoa insulini yake yenyewe, na dalili ya kwanza ya habari hiyo njema huwa ni sukari kushuka vibaya. Vilevile, paka aliyetapika chakula chote, au aliyegoma kula, asichomwe dozi kamili kabla ya kuongea na daktari.

Amelegea, anatapika, na pumzi yake ina harufu

Hii ndiyo hali ya ketoni. Paka amekaa ameinamia bakuli la maji bila kunywa, amekonda mgongoni, manyoya yamesimama kwa kuwa ameacha kujilamba, anatapika, na pumzi yake ina harufu ya matunda yaliyoiva mno au ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Si kila mtu anaweza kuinusa harufu hiyo, kwa hiyo kutoisikia si ushahidi wa kwamba haipo. Baadhi huhema kwa kina na kwa haraka, kwa sababu mwili unajaribu kuondoa tindikali kwa njia ya pumzi. Mnyanyue mdomo uguse ufizi: ukiwa unanata badala ya kuteleza, na ngozi ya mabegani ikibaki imesimama unapoivuta na kuiachia, basi amepungukiwa maji mwilini.

Vijiti vya kupimia ketoni kwenye mkojo hupatikana kwenye maduka ya dawa, na kuvitumia si kazi kubwa. Paka anapochuchumaa kwenye mchanga wake, mwingizie polepole upawa wa zamani chini ya mkia, wengi hawajali. Chovya kijiti, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo lake, ulinganishe rangi. Rangi ya zambarau kwa paka mgonjwa maana yake ni safari ya hospitali sasa hivi. Rangi hafifu kwa paka anayekula vizuri maana yake ni simu kwa daktari siku hiyohiyo. Kumbuka kwamba vijiti hivi hupima aina moja tu ya ketoni, na si ile iliyo nyingi zaidi kwenye damu, kwa hiyo kijiti kisichobadilika rangi hakimwondolei hatari paka mwenye dalili zote nilizozitaja.

Kishawishi cha kumwongezea insulini nyumbani ni kikubwa, lakini madhara yake ni makubwa zaidi. Paka wa namna hii amepoteza maji na chumvichumvi nyingi za mwili, hasa potasiamu, na insulini huisukuma potasiamu iliyobaki kutoka kwenye damu na kuiingiza ndani ya seli, jambo linaloweza kudhoofisha misuli na moyo. Ndiyo maana daktari huanza na dripu, hupima chumvi hizo, na kuleta insulini baadaye kwa vipimo vidogo huku akipima sukari kila baada ya saa chache. Matibabu hayo huchukua siku kadhaa, na gharama yake si ndogo. Usimlazimishe kunywa maji wala usimmiminie uji. Paka anayetapika huenda akapaliwa. Mfunike kwa kanga apate joto, na uondoke.

Ketoni hazizuki bila sababu, na daktari atataka kuijua. Sababu mojawapo ni dozi zilizorukwa. Nyingine ni insulini iliyoharibika: imekaa kwenye gari juani, imegandishwa na friji, au umeme umekatika kwa siku nzima katika joto la Dar es Salaam au Mombasa. Insulini ambayo haijafunguliwa huhitaji nyuzi 2 hadi 8 za Selisiasi, na pale umeme usipotabirika, chombo cha udongo kilichozungushiwa mchanga wenye unyevu hupunguza joto kwa kiasi cha kufaa, ingawa hakifiki baridi ya friji. Ikiwa dawa iliyokuwa nyeupeupe imefanya mabonge, au iliyokuwa angavu kama maji imeingia ukungu, itupe. Sababu inayosahaulika ni maradhi mengine yanayoifanya insulini isifanye kazi ipasavyo: maambukizi ya njia ya mkojo, meno yaliyooza, au kuvimba kwa kongosho. Na sababu inayokera zaidi ni sindano ya steroidi aliyochomwa paka kwa ajili ya muwasho wa ngozi, ambayo baadhi yake hukaa mwilini kwa wiki kadhaa na kupandisha sukari muda wote huo. Kila mara mwambie anayetibu ngozi kwamba paka ana kisukari, hata kama hajakuuliza.

Kwa wasomaji walioko Marekani na Ulaya ipo tahadhari ya ziada. Tangu mwishoni mwa 2022 kumekuwa na dawa za kumeza, bexagliflozini na velagliflozini, ambazo humfanya paka kuitoa sukari ya ziada kwenye mkojo. Paka anayetumia dawa hizi anaweza kupata ketoni za kumuua huku sukari yake ikiwa ya kawaida kabisa kwenye glukometa. Kwake yeye, kugoma kula, kutapika au kulegea ni dharura bila kujali namba, na dawa isimamishwe mpaka daktari amwone.

Dalili zinazofanana, chanzo tofauti

Si kila kinachompata paka mwenye kisukari kinatokana na kisukari. Paka anayetembea kwa visigino vya nyuma vikigusa sakafu, polepole na bila maumivu, ana mishipa ya fahamu iliyoathiriwa na sukari ya muda mrefu. Hiyo si dharura, na mara nyingi huboreka sukari ikidhibitiwa. Lakini akipooza miguu ya nyuma ghafla, akalia kwa uchungu, na nyayo zake zikawa za baridi na zilizopauka, huenda damu imeganda na kuziba mshipa mkubwa, na kila dakika ni muhimu. Dume anayeenda mara kwa mara kwenye mchanga, akajikamua na asitoe kitu, ameziba mkojo. Asichanganywe na yule anayekojoa sana kwa ajili ya sukari, kwa kuwa asipozibuliwa anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Halafu kuna dawa za kupe na viroboto. Zenye permethrini, ambazo mbwa na ng'ombe huzistahimili, humfanya paka atetemeke na kupatwa na degedege linalofanana kabisa na la sukari kushuka. Amitrazi, inayotumika kuogeshea mifugo, humlegeza na kupandisha sukari yake. Kama kuna aliyemnyunyizia paka unga au maji ya dawa leo au jana, mweleze daktari hilo kabla ya yote, na uende na kopo lenyewe.

Kufika kwa daktari

Piga simu kabla ya kutoka na uulize mambo matatu: je, wanaweza kumwekea paka dripu, wana glukometa, na kuna mtu anayelala hapo usiku? Madaktari wengi wa mifugo mitaani kwetu kazi yao kubwa ni ng'ombe, mbuzi na kuku, na wengine watakueleza wazi kwamba hawana nafasi ya kulaza paka. Ni bora kuulizia hayo siku paka angali mzima, na kuandika namba mbili au tatu kwenye lile daftari la friji. Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro na Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kabete, hufundisha udaktari wa mifugo na hutibu wanyama, kwa hiyo aliye jirani nazo aziweke kwenye orodha yake.

Msafirishe kwenye tenga au boksi lenye kitambaa, amelala ubavu, kichwa kikiwa chini kidogo kama anatapika. Beba kichupa cha insulini, bomba moja jipya, asali, na daftari. Daktari atakuuliza alichomwa saa ngapi, uniti ngapi, alikula nini na lini, na kama amepewa dawa nyingine yoyote. Ukiweza kumjibu kwa namba zilizoandikwa badala ya "kama kawaida", utampunguzia kazi ya kubahatisha.

Anaporudi nyumbani, usirejee kwenye dozi ya zamani kwa mazoea. Aliyetoka kwenye sukari kushuka kwa kawaida hupunguziwa, na mara nyingine daktari husimamisha insulini kabisa kwa siku chache ili aone kama bado inahitajika. Aliyetoka kwenye ketoni huweza kubadilishiwa aina ya insulini, na hapo suala la bomba la U-40 na la U-100 huanza upya: mabomba ya dawa ya awali yaondoke nyumbani siku hiyohiyo dawa mpya inapoingia.